Kwa Nini Twasema "Mboga Tu"?

Mgeni akiingia katika nyumba yoyote hapa Sosiot wakati wa jioni, akamwuliza mtoto, "Leo mmekula nini?" atajibiwa moja ya majibu mawili. Kama palikuwa na nyama, mtoto husema, "Nyama!" wala hana haja ya kuutaja ugali. Kama hapakuwa na nyama, husema, "Mboga tu." Neno hili "tu" ni dogo sana, lakini nimekuwa nikilifikiri kwa muda wa miaka miwili sasa, na nawaomba wasomaji wanivumilie nieleze sababu yake.

Kosa si la Kiswahili. Ndugu zetu wa Tanzania huita mboga kila kitu kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata nyama yenyewe. Mtu wa Dodoma aweza kusema, "Mboga yetu leo ni nyama ya mbuzi," wala hapana atakayemcheka. Sisi wa huku tumelibana neno hilo mpaka limebaki na majani peke yake, kisha tumelitia mkia wa "tu" ili kila mtu ajue kwamba siku ile nyumba haikuwa na fedha.

Msinidhanie kuwa ni adui wa nyama. Mimi ni Mkipsigis, na kwa muda wa miaka 27 nilikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai. Karani wa mizani husimama tangu asubuhi kati ya magunia na ubishi wa watu, na akitoka huko jioni hana hamu ya kitu kingine ila ubavu wa mbuzi uliochomwa polepole, wenye mafuta yanayodondoka juu ya makaa, na chumvi kando. Hata leo harufu hiyo ikivuka barabara, miguu yangu huigeukia kabla sijaiamuru. Sitaki mtu yeyote aniambie kwamba nyama si tamu. Mabishano ya namna hiyo hayana faida.

Lakini yafaa tujiulize kama wazee wetu waliila kama tunavyoila sisi. Watu wa mbali, wakisikia habari za Wakipsigis na ng'ombe zao, hudhani kwamba nyama ilikuwa chakula cha kila siku. Haikuwa hivyo. Ng'ombe alikuwa wa maziwa, wa mahari, na wa heshima ya boma. Nyama ilikuja kwa sherehe, au kwa ugeni mkubwa, au mnyama alipovunjika mguu. Chakula cha kila siku kilikuwa kimyet cha wimbi, na mursik iliyotiwa makaa ya mti na kuhifadhiwa katika kibuyu, na majani: isagek, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, na isoik, yaani mnavu. Majani hayo ni machungu. Mama zetu walikuwa wakiyapika, kisha wakiyatia maziwa na kuyaacha yalale usiku kucha, na siku ya pili uchungu umepungua na ladha imeingia. Mtu aliyekula mgagani uliolala katika maziwa hasemi "tu".

Tena palikuwa na sheria. Bwana A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alieleza kwamba ndugu zetu hao hawakuchanganya nyama na maziwa. Aliyekunywa maziwa ilimpasa angoje siku nzima kabla ya kula nyama. Sidai kwamba wazee walikuwa wakifikiri habari za tumbo. Sheria hiyo ilikuwa ya kumheshimu ng'ombe. Hata hivyo, kwa watu wanaoishi kwa maziwa, sheria ya namna hiyo yatosha yenyewe kuizuia nyama isiingie katika kila mlo, bila daktari wala hotuba.

Kilichotubadilisha ni chai. Makampuni makubwa yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1950 wakulima Waafrika nao wakaanza kupata miche yao wenyewe. Halmashauri ya Maendeleo ya Chai ilipoundwa mwaka 1964, watu wengi wa Belgut walijiandikisha, na baba yangu alipanda mashina yake ya kwanza mwaka 1968. Siilaumu chai hata kidogo, maana ndiyo iliyonisomesha. Lakini shina la chai halimlishi ng'ombe, wala haliliwi kwa ugali. Malisho yalipungua, ng'ombe wakawa wawili au watatu wa kulishwa zizini, na bustani ya mboga ya mama nyuma ya nyumba, tuliyoiita kabungut, ikafunikwa mistari ya chai mpaka ukutani. Tangu hapo mboga zikawa kitu cha kununua. Kitu kinachonunuliwa kwa sarafu chache, hasa kikiwa chaitwa sukuma wiki, yaani cha kuisukuma juma hadi fedha zije, kitapewa heshima gani?

Fedha nazo huja kwa vipindi. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo za majani alizopeleka, na malipo makubwa, ambayo sote twayaita bonasi, huja mara moja kwa mwaka, aghalabu mwezi wa Oktoba. Anayetaka kujua mapenzi yetu ya nyama na aje wakati huo. Mabucha ya sokoni hayana nafasi ya kusimama. Wanaume huketi watatu watatu na kilo mbili za nyama choma mezani, pamoja na supu ya mifupa, na maini, na bia. Nyumbani hupelekwa nusu kilo, imefungwa katika karatasi, nayo ni ya watu sita au saba. Nimeyaona hayo kwa macho yangu kwa miaka mingi, na nyumba yangu haikuwa tofauti na nyumba za jirani.

Basi, miaka miwili iliyopita kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kilivimba usiku, kikawa chekundu na cha moto kiasi kwamba uzito wa shuka peke yake ulinitoa machozi. Tabibu alipima damu, akasema ni jongo, ugonjwa ambao wengine huuita gauti. Alinieleza vizuri, na namshukuru kwa hilo. Mwili hutengeneza asidi ya yuriki kutokana na vyakula vya namna fulani, hasa nyama, na zaidi sana maini, figo na supu nzito, na bia huongeza. Asidi ikizidi, figo hushindwa kuitoa yote, nayo huganda kama chembe za chupa ndani ya viungo. Aliniandikia dawa, nami nazimeza mpaka leo.

Nilimwuliza kama sasa itanibidi niache pia mgagani na maziwa, maana nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba mwenye ugonjwa huo hali kitu. Akasema sivyo. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Marekani, uliowafuata wanaume zaidi ya elfu 47 kwa muda wa miaka 12. Waliokula nyama nyingi ndio waliopatwa zaidi na jongo. Waliokunywa maziwa kwa wingi walipatwa kidogo zaidi. Na mboga, hata zile zilizodhaniwa kuwa na madhara, hazikuonekana kuuleta. Niliposikia hayo nilicheka mbele yake. Chakula cha kila siku cha nyanya yangu kilikuwa kimeruhusiwa chote, na chakula cha Oktoba peke yake ndicho kilichotiwa alama.

Lakini habari hii isingeniandikisha gazetini kama ingekuwa ni ya mguu wangu peke yake. Mzee mmoja kuchechemea si habari. Majuma sita baadaye, mama watoto aliniita kando. Kwa desturi yetu baba mkwe hasemi na mke wa mwanawe juu ya mambo ya mwili, kwa hiyo niliambiwa na yeye. Mke wa mwanetu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kliniki walikuwa wamempima damu wakakuta kipimo ni 8.9, nacho kwa mwanamke mwenye mimba hakipasi kuwa chini ya 11. Alikuwa akihema kwa kupanda kilima cha mtoni, naye ni msichana aliyezoea kubeba kikapu cha majani tangu utotoni. Wote twajua maana ya kujifungua ukiwa huna damu.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala. Katika nyumba moja, chini ya paa moja, mmoja alikuwa akiugua kwa wingi wa nyama na mwingine kwa upungufu wake.

Watu hudhani swali ni kula nyama au kutokula. Mwaka 2018 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani ulitoa ushauri kwamba mtu mzima asizidishe kati ya gramu 350 na 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa juma, yaani kama robo tatu ya kilo hivi ikiwa mbichi. Miaka mitatu kabla ya hapo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikuwa limetangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, huleta saratani ya utumbo, na kwamba nyama nyekundu yaelekea kuileta. Basi tufanye hesabu ya karani. Nusu kilo ya kupelekwa nyumbani, ikigawiwa watu sita, ni gramu 83 mbichi kwa kila mmoja, pamoja na mifupa, na huenda isirudi tena kwa juma mbili. Hao hawana cha kupunguza. Lakini mwenye nyumba, akila theluthi ya kilo mbili kwa kikao kimoja, amekaribia kipimo cha juma zima kabla jua halijatua, na kesho yake ni soko tena. Kuiambia nyumba kama hiyo, "Punguzeni nyama," ni kumpunguzia asiye nacho. Afadhali kusema, "Igawanyeni."

Nilikwenda kumwona muuguzi wa kliniki mimi mwenyewe, jambo ambalo lilimshangaza kidogo. Alisema mkaza mwanangu atameza vidonge vya madini ya chuma, na ameze vyote bila kuruka siku. Juu ya chakula, aliniambia mambo matatu ambayo sikupata kuyasikia katika miaka yangu yote. La kwanza, majani ya kijani kama mgagani na mnavu yana chuma, lakini mwili hukipata kwa shida kuliko chuma cha nyama. La pili, nyama kidogo ikipikwa pamoja na majani hayo huusaidia mwili kukichukua chuma cha majani pia, na kadhalika kitu kichachu kama limau au nyanya mbichi. Na la tatu, chai ikinywewa pamoja na chakula hukifunga chuma hicho kisiingie. Heri mtu angoje hata saa moja apite.

La tatu lilinichoma. Sisi ni watu wa chai. Kikombe huwekwa mbele ya mtu kabla ya sahani, na hujazwa tena kabla sahani haijaondolewa. Nilikaa nikamkumbuka yule msichana akichuma majani mchana kutwa, kisha jioni akinywa chai juu ya mboga zake, na chuma kidogo kilichokuwamo kikimpita.

Nyama na mboga, basi, si maadui hata kidogo. Ni kama fahali wawili wa jembe. Mmoja akifungwa peke yake, shamba halilimwi. Ushahidi wa zamani upo hapa hapa Kenya. Mwaka 1931 Bwana John Boyd Orr, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, na Bwana J. L. Gilks wa idara ya tiba ya Kenya, walichapisha taarifa juu ya Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka na viazi. Wanaume wa Kimasai walionekana kuwa warefu zaidi kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Wengi waliishika sehemu hiyo wakasema, "Mwaona, nyama ndiyo nguvu." Hawakusoma mbele. Taarifa ile ile ilisema kwamba Wamasai walisumbuliwa zaidi na kufunga choo na maumivu ya viungo, na kwamba tofauti kati ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume, kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikula majani ya kijani ambayo waume zao hawakuyajali. Nami naongeza kwamba Wakikuyu wa wakati ule walikuwa wamebanwa katika ardhi, na aliyebanwa halinganishwi kwa haki na mwenye mbuga. Lakini habari ya wanawake ni ya kufikiriwa. Waume zao nao bila shaka walikuwa na namna yao ya kusema "mboga tu".

Mpwa wangu, aliye karani Nairobi, amekwenda upande wa pili kabisa. Ameacha nyama, na alipokuja katika sherehe ya mahari ya dada yake alikataa kipande alichopewa na mzee kwa mkono. Palikuwa na kimya kibaya. Baadaye aliniambia, "Mjomba, sili kitu chenye macho." Nilimjibu kwamba aweza kuishi hivyo na afya yake ikawa njema, ila ajue kwamba iko vitamini moja, B12, isiyopatikana katika mimea, kwa hiyo maziwa na mayai asiyaache. Juu ya kipande cha mzee sikumwambia neno, maana alikuwa amekwisha kuona mwenyewe. Kwa maoni yangu, nyama ya sherehe haina madhara kwa mtu. Hiyo ndiyo nyama yenye kazi. Nyama ya Jumanne bila sababu ndiyo ya kuulizwa.

Tulichofanya nyumbani ni kidogo. Nusu kilo ya bucha hukatwa vipande vidogo sana, hupikwa ndani ya sufuria kubwa ya mgagani au mnavu pamoja na nyanya, na mama watoto hupakua akianza na mwenye mimba na watoto, kisha sisi wengine. Siku hizo maziwa hayatiwi, maana mama mzazi wangu angali hai na hataki kusikia habari ya kuyachanganya na nyama. Chai hungoja. Siku tatu za kwanza wageni walidhani tumeishiwa sukari.

Jambo kubwa lilikuwa kabungut. Mboga za kununua hufika zimenyauka, na nusu ya faida imebaki njiani. Mama watoto alisema ataka udongo wa nyuma ya nyumba, ulipokuwa wa mama yangu zamani. Udongo huo ulikuwa na mashina 60 ya chai, nayo ni sehemu ya yale aliyoyapanda baba kwa mkono wake. Sikulala usiku mmoja kwa ajili ya mashina hayo. Kaka yangu mkubwa alikuja na fimbo yake, akauliza kama nimerogwa. Tangu lini mtu akang'oa chai apande magugu? Nilimpa hesabu: shina lililotunzwa hutoa kilo moja au mbili za majani mabichi kwa mwaka, basi 60 hayafiki kilo 120. Akasema baba hakuyapanda kwa kilo. Hilo sikuweza kulijibu, na mpaka leo sina jibu lake. Niliyang'oa siku ya pili, nikasaidiwa na mwanangu, na magogo tukayafanya kuni.

Mgagani ulichumwa baada ya majuma matano. Mkaza mwanangu alimeza vidonge vyake vyote, na siwezi kusema ni kiasi gani cha kazi kilifanywa na vidonge na kiasi gani na sufuria. Kipimo cha mwezi wa nane kilikuwa 11.3. Alijifungua mtoto wa kike hospitalini, wala hakuhitaji damu ya mtu. Mguu wangu umenikamata mara moja tu tangu hapo, baada ya arusi ya jirani.

Kaka yangu angali husema kwamba tulilitukana kaburi la baba. Hata hivyo hufika Jumapili, hula, na husukuma sahani yake mbele ya mama watoto aongezwe, bila kutazama upande wangu. Mvua za Machi zikianza nitapanda mistari mingine miwili, na mama watoto amekwisha nionyesha mashina anayotaka yang'olewe.